Mali bila daftari: domeni ni ya mteja, si yako

Mwezi uliopita alifariki mteja wangu wa kwanza, mzee mmoja aliyeuza viungo mjini Mombasa. Jina lake silitaji, mjane wake bado yuko eda. Nitasema tu alivyokuwa akifanya kazi, maana inatusuta wengi wetu tunaojiita wataalamu wa kompyuta.

Mzee hakujua seva ni kitu gani. Alijua daftari. Nilipomletea habari ya kutengeneza tovuti aliniuliza maswali matatu: Hili jina la tovuti litaandikwa kwa nani? Litalipiwa lini? Na wewe ukifa leo, mimi nimpigie nani? Kisha akasukuma daftari mezani, akasema, "Niandikie hapa, mwanangu." Nikaandika: domeni iko kwa jina lake na barua pepe yake, kampuni inayotuweka kwenye seva, tarehe ya kulipia, na kwamba maneno ya siri yako kwenye bahasha ndani ya sefu. Kila mwaka akilipa, anatia alama.

Alipofariki, binti yake alifungua daftari, akakuta domeni inakwisha muda baada ya wiki mbili, akailipia. Mimi alinipigia kunipa habari ya msiba tu, si kuniomba neno la siri.

Sasa linganisheni na duka jingine ninalolijua. Mwenyewe alifariki, mkewe akataka kuendeleza biashara. Kumbe fundi aliyetengeneza tovuti alisajili domeni kwa jina lake mwenyewe. Akamdai mama wa watu "ada ya kuhamisha" ambayo haikuwa kwenye mapatano yoyote. Mama akashindwa, akafungua jina jipya. Wateja wa zamani waliendelea kuandika barua pepe kwenye sanduku ambalo hakuna wa kulifungua.

Jamani, huu ni utaalamu gani?

Kwa asiyejua: domeni hainunuliwi ikawa yako milele. Inalipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka kwa mwaka. Zile zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, nawe husajili kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Fomu ya usajili ina nafasi ya mwenye jina, na ina nafasi nyingine ya fundi. Ni nafasi mbili! Ukijaza jina lako kwenye zote mbili, umejipa duka la mtu. Muda ukiisha na asilipie mtu, jina hurudi sokoni na yeyote aweza kulichukua.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Wateja hawalipi, domeni ndiyo dhamana yangu." Basi chukua malipo ya awali na uandike mkataba. Marehemu hakukuwekea rehani jina lake. Mimi si wakili, lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inakataza mtu kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini. Fikiria hilo kabla ya kumtajia mjane bei.

La pili: "Mteja hajui mambo haya, ataharibu." Hata gari hajui kulitengeneza, lakini kitabu cha gari kina jina lake, si la makanika.

La tatu: "Kuandika neno la siri kwenye karatasi si salama." Ukibandika kwenye ukuta wa duka, kweli. Ila mwizi wa mtandaoni hafungui sefu ya chuma. Hatari kubwa ya duka dogo ni kwamba siri zote zimo kichwani mwa mtu mmoja, na mtu hufa.

Hata kampuni kubwa zimelikubali hilo. Tangu 2013 Google inakuruhusu kuchagua watu wa kupewa data zako akaunti ikikaa kimya kwa muda unaoupanga mwenyewe, kuanzia miezi 3. Apple ilileta mpango wake wa urithi mwaka 2021. Lakini hakuna kitufe cha Google kitakachoirudisha domeni uliyoisajili kwa jina lako wewe fundi.

Kwa hiyo, mafundi wenzangu, wiki hii pitieni orodha ya wateja wenu. Kila domeni iliyo kwa jina lako, ihamishe. Mwandikie mteja ukurasa mmoja wa maelezo. Nanyi wenye biashara, ulizeni yale maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Fundi akikasirika, mmeshapata jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwashi akimaliza nyumba hukabidhi funguo. Sisi ni nani hata tubaki nazo?