Ugonjwa Nyemelezi Haukuja Jana

Kuna kauli moja inanikera sana. Akifariki mtu wetu kwa Ukimwi, msibani utasikia: "Aa, hakuwa na Ukimwi bwana, ilikuwa TB tu." Kana kwamba hiyo TB ilimvamia njiani.

Mimi ni mtu wa uhandisi, si daktari, lakini hili halihitaji udaktari. Virusi vya Ukimwi hushambulia seli za CD4, ambazo kazi yake kubwa ni kutoa amri kwa seli nyingine za kinga. Mwenye afya huwa nazo 500 au zaidi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikipungua, askari wapo, kamanda hayupo.

Watu wengi wanafikiri ugonjwa nyemelezi lazima utoke nje. Wapi! Mara nyingi ulikuwemo mwilini siku nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wameambukizwa vimelea vya TB, na wengi wao hawataugua kamwe, maana seli za kinga huvizungushia ukuta ndani ya pafu. CD4 zikianguka, ukuta unabomoka. Na TB haina subira, yaweza kuja hata CD4 zikiwa bado nyingi. Chini ya 200 inabisha hodi nimonia ya pneumosistisi, ile ile iliyowapata vijana 5 wa Los Angeles katika taarifa ya Juni 1981 iliyoifumbua macho dunia. Chini ya 100 ni zamu ya fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo, na ya toksoplazma, kijidudu kinachoweza kulala ubongoni miaka na miaka (wapenzi wa nyama isiyoiva mpo?).

Ndiyo maana hoja ya "mimi mzima, siumwi kitu" hainiingii akilini. Mteremko huo huchukua miaka, na mwenyewe anacheza mpira kila Jumamosi. Hapa Uingereza Waafrika wengi hugunduliwa wamechelewa, CD4 zikiwa tayari chini ya 350. Kisa? Woga wa mambo ya viza, na maneno ya watu. Jamani, England matibabu ya virusi hivi ni bure kwa kila mtu tangu Oktoba 2012, hata asiye na karatasi. Dawa zikianza mapema, vile vimelea vina nafasi ndogo sana ya kuamka.

Chama chetu hakikosi DJ kwenye sherehe zake. Safari hii kilete na muuguzi wa kupima. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.