Uhamishaji wa Mifumo ya Serikali: Nakala Rudufu Itangulie

Mwananchi anayesoma tangazo kwamba huduma fulani ya Serikali kwa njia ya mtandao haitapatikana mwishoni mwa juma kupisha uhamishaji wa mifumo, ana haki ya kujua ni kitu gani hasa kinachohamishwa.

Mifumo mingi ya sasa haina kompyuta yake peke yake. Seva moja kubwa hubeba mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu, na kila moja huhifadhiwa kama mafaili ndani ya diski. Diski hizo zinapobebwa kwenda kwenye seva mpya, mashine huzimwa kwanza, kwa kuwa faili linaloendelea kuandikwa huku likinakiliwa huweza kufika likiwa na kasoro. Kisha nakala hulinganishwa na asili yake, mashine huwashwa upande wa pili na kujaribiwa, ilhali data za seva ya zamani hazifutwi. Saa ambazo mwananchi huzilalamikia hutumika hapo.

Hata hivyo, kuhamisha vifaa kuna hatari ambayo programu haiwezi kuizuia. Tarehe 26 Septemba, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, wakati wa kazi ya kuhamisha betri za umeme wa dharura. Idadi ya mifumo iliyosimama ilitajwa kwanza kuwa 647, ikarekebishwa baadaye kuwa 709. Mfumo wenye nakala mahali pengine huweza kurejeshwa katika seva nyingine. G-Drive, hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, haikuwa na nakala nje ya kituo hicho. Terabaiti 858 ziliteketea. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hoja hiyo ni dhaifu: kadiri hifadhi inavyokuwa kubwa ndivyo hasara ya kuipoteza inavyoongezeka.

Hapa nchini, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), yenye jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Taasisi inapotangaza kusitisha huduma kwa muda, ingefaa tangazo lieleze pia iwapo nakala rudufu imehifadhiwa nje ya jengo, na iwapo imewahi kujaribiwa kurejeshwa. Kutaja saa ya huduma kurejea hakutoshi.