Kazi za mikono za mwalimu: Faida ya Januari hununuliwa Oktoba

Wiki hii safu hii inaacha kidogo habari za mchele, maharage na dola ili kuzungumzia bidhaa ambayo haimo katika orodha yoyote ya bei za soko, ingawa kila mwenye duka la vifaa vya shule amewahi kuletewa mlangoni. Ni kazi za mikono za walimu. Kwa upande mmoja kuna zana za darasani: kadi za herufi na silabi, ubao wa mifuko, chati za manila, mafungu ya vijiti na vizibo vya soda vya kuhesabia, saa ya boksi yenye akrabu za kuzungusha kwa kidole. Kwa upande mwingine kuna vitu vya nyumbani: vitambaa vya makochi vya kufuma, foronya za kudarizi, mikeka na mazulia madogo ya vipande vya vitenge.

Wenye maduka wengi huipokea bidhaa hii kama msaada kwa mwalimu. Huichukua kwa mali kauli, huitundika dirishani, na ikiuzika mwalimu hulipwa, isipouzika huirudishiwa imefifia kwa jua. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba utaratibu huo ni hasara kwa pande zote mbili, na kwamba mwenye duka ndiye anayepoteza zaidi bila kujua.

Tuanze na chanzo cha bidhaa yenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi wa nchi hii hajifunzi ufundi huu mitaani. Chuoni hufundishwa kufaragua zana, yaani kutengeneza vifaa vya kufundishia kutokana na kile kilichopo: makopo, maboksi, magunia, mbegu, udongo. Jambo hili lina mizizi katika siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na baadaye likapata nguvu mpya mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu. Mtoto anayejifunza silabi anahitaji kuishika silabi mkononi, kuisogeza, kuiweka kando ya nyingine mpaka neno litokee. Kitabu peke yake hakifanyi kazi hiyo.

Kwa hiyo mahitaji yapo. Swali la mfanyabiashara ni fedha iko wapi, na hapa wengi hukosea kwa kuangalia wingi wa shule za serikali. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zilizokwenda shuleni. Shule ya wanafunzi 600 kwa hesabu hiyo ilipata shilingi 3,600,000 kwa mwaka mzima, sawa na 300,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, uchapaji wa mitihani, ukarabati mdogo na michezo. Mwalimu mkuu mwenye bajeti ya namna hiyo hanunui ubao wa mifuko dukani. Humwambia mwalimu wa darasa la kwanza atengeneze, naye hununua manila kwa mshahara wake.

Mnunuzi mwenye fedha ni mwingine. Ni shule binafsi za awali, ambazo siku hizi zimeingia hadi kwenye vichochoro vya miji midogo. Ni vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Na ni mzazi mwenye mtoto wa miaka minne anayetaka kumwanzishia herufi nyumbani. Hawa hununua kwa kishindo katika majuma mawili au matatu ya kuelekea shule kufunguliwa Januari. Kuna wimbi dogo la Julai baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Miezi iliyobaki ni ya kubangaiza.

Sasa tazama kalenda hiyo kwa upande wa mwalimu. Ili mzigo uwe dukani mwishoni mwa Desemba, lazima vitambaa, manila, kalamu za wino mzito na uzi vinunuliwe Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Hicho ndicho kipindi ambacho mshahara wake una wenyewe wengi: ada ya mtoto wake aliye sekondari binafsi, mchezo wa upatu, mkopo wa SACCOS, nauli ya kwenda kijijini Krismasi. Anapokosa mtaji wa vifaa hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anatengeneza seti tatu badala ya thelathini, ama anakwenda kwa wakopeshaji wale ambao wananchi wamewapa jina la kausha damu, ambako wengine huacha hata kadi ya benki kama dhamana. Anayetoka huko na mkopo hawezi kusubiri mali kauli. Atauza kwa bei yoyote kwa yeyote atakayemwonyesha noti.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, kila msomaji aweke za soko lake. Seti moja ya ubao wa mifuko pamoja na kadi 100 za silabi ina kitambaa na uzi vya shilingi 5,000, manila za 3,000, kalamu na gundi za 2,000. Jumla ya vifaa ni 10,000. Kukata, kushona mifuko na kuandika kadi mia moja kwa mwandiko wa kuchapa ni kazi ya saa nane kwa mtu mwepesi. Mwalimu anaiacha dukani kwa shilingi 14,000 na kuondoka akiamini amepata faida ya 4,000. Gawanya kwa saa nane: ni shilingi 500 kwa saa. Mwanafunzi mmoja wa masomo ya ziada angemlipa zaidi ya hapo.

Nilipofundishwa hesabu za gharama Mlimani, mfano uliotumika ulikuwa kiwanda, na nguvukazi ilikuwa na mstari wake. Niliporudi nyumbani likizo nilichukua daftari la mama yangu, ambaye ni mwalimu na fundi wa vitambaa vya makochi, nikautafuta mstari huo. Haukuwepo. Kulikuwa na uzi, kulabu, sabuni ya kufulia, hata nauli ya kwenda kununua uzi. Saa zake za usiku, baada ya kusahihisha madaftari, hazikuandikwa popote. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, hizo ni saa nilizokuwa nimekaa tu." Sikuwa na jibu siku ile.

Leo ninalo, na ninamwelekezea mwenye duka badala ya mama. Saa zisizolipwa hukoma bila taarifa. Mwalimu hafukuzwi kazi akiacha kufuma, wala hana mkataba na wewe. Mwaka huu amekuletea seti kumi, mwakani mtoto wake ameugua au amehamishiwa wilaya nyingine, na wewe umekwisha kuwaahidi wateja watatu wa shule za awali. Mzigo uliozoea kuupata kwa bei ya kutupa hauwezi kuupangia biashara.

Pendekezo langu ni hili. Weka oda Oktoba, kubaliana bei inayohesabu saa, kisha toa malipo ya awali yanayolingana na gharama ya vifaa. Kwa mfano wetu, saa ikithaminiwa kwa shilingi 1,000, seti inakuwa 18,000. Unalipa 10,000 Oktoba na 8,000 siku ya kupokea mzigo. Kwa seti thelathini unatoa 300,000 kwanza na 240,000 Desemba, jumla 540,000. Ukiuza kila moja kwa 25,000 unapata 750,000, faida ghafi ya 210,000 kabla ya pango na usafiri. Unarudisha fedha yako ukifikisha seti ya 22. Ukiuza ishirini tu umebaki na pengo la 40,000 na seti kumi stoo, ambazo haziozi. Sisemi hakuna hatari. Nasema hatari yenyewe inapimika, jambo ambalo huwezi kusema kuhusu mzigo wa nyanya.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama hii si butura. Kule Kagera, butura ni kununua kahawa ya mkulima ingali mtini, kwa fedha kidogo, kwa sababu mkulima ana shida siku hiyo. Serikali imeipiga marufuku na wakulima wengi wameilaani. Tofauti iko kwenye bei. Mwenye butura hutumia shida ya mkulima kushusha bei ya mavuno. Mimi nasema bei ijadiliwe kwanza, yote, na saa zikiwemo ndani, ndipo malipo ya awali yatolewe kama sehemu ya bei hiyo. Anayetaka kutoa 10,000 Oktoba na kudai seti nzima kwa 12,000 asidai kuwa amelisoma wazo hili hapa.

Kuhusu aina ya bidhaa, mnunuzi awe mwangalifu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na mwenye shehena ya chati za mada za vitabu vya zamani anajua kilichompata. Herufi hazibadiliki. Silabi, tarakimu, saa, umbo la duara na pembetatu, ramani ya nchi yenye mikoa sahihi: hizo ndizo za kuwekea fedha. Kagua pia kwa mkono. Vizibo vya soda visivyogongwa kingo hukata vidole vya watoto, na shule ya binafsi ikipata malalamiko ya mzazi mmoja hairudi tena. Kadi iandikwe pande zote kwa unene ule ule, ionekane kutoka dawati la nyuma. Ukiona picha za vikaragosi vya filamu za ng'ambo, ziache. Zina wenyewe, na haki zao zinalindwa kisheria.

Wapo watakaosema chati za plastiki zilizochapwa viwandani, zinazouzwa barabarani Kariakoo kwa bei ya chini, zitaimaliza biashara hii. Kwa chati za ukutani nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa, na simshauri mtu ashindane nazo. Lakini nyingi ya chati hizo zinamfundisha mtoto tufaha na pundamilia kwa Kiingereza. Mwalimu wa awali anayefundisha "ma me mi mo mu" anataka kadi zinazotembea, na hizo mpaka sasa zinatoka mezani kwa mwalimu mwenzake.

Vitu vya nyumbani vina hesabu nyingine kabisa. Hapa hakuna Januari, kuna tarehe ya mshahara. Soko la kwanza la mwalimu ni ofisi ya walimu, na huko ndiko mtaji unakofia. Daftari la mama lilikuwa na majina kumi na moja ya walimu wenzake, wengine wakiwa wamekwisha kustaafu na vitambaa vyao. Mtu hawezi kumdai kwa ukali mwenzake anayekaa naye meza moja, na anayedaiwa anajua. Mali kauli ya dukani walau ina mlango wa kwenda kubisha.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayelipa taslimu ana nguvu ya bei katika vitu hivi, hata akitoa chini kidogo ya bei ya ofisini. Lakini achague. Seti kamili ya vitambaa vya makochi imepungukiwa soko kwa sababu makochi mapya ya kona hayavai vitambaa, na leso za mashine zimejaa madukani. Vinavyokwenda ni vitambaa vya meza, foronya za jozi kwa ajili ya sherehe za kumfunda bibi harusi, na mazulia ya vipande vya vitenge ambayo malighafi yake ni mabaki ya fundi cherehani. Mazulia hayo ndiyo ningeyatazama kwanza mwaka huu. Fundi anayatupa mabaki, gharama kubwa ni saa, na saa ndiyo kitu ambacho mwalimu wakati wa likizo anacho.

Jambo moja la kuonya, na nalisema nikijua litawaudhi baadhi ya walimu. Mwalimu asiwauzie wanafunzi wake mwenyewe. Mzazi anayeambiwa na mwalimu wa darasa kwamba mtoto anahitaji kadi, na kadi ziko kwenye mkoba wa mwalimu huyo huyo, hana uhuru wa kukataa. Michango ya shuleni imekwisha kuleta kelele za kutosha. Hii ni sababu nyingine ya kuhitaji duka katikati: mzazi akute bei imebandikwa, anunue au aondoke.

Kwa wenye fedha kidogo wasio na duka, watu watatu au wanne wa kikundi kimoja wanaweza kuweka oda ya pamoja na kuwagawia wenye maduka ya mitaani kwa jumla. Andikeni karatasi moja: idadi, bei, malipo ya awali, tarehe ya kupokea, na nani anabeba hasara ya kadi iliyokosewa herufi. Mwalimu atie sahihi, nanyi mtie sahihi. Ni vyema tarehe ya kupokea iwe kabla ya Desemba 20, kwa sababu baada ya hapo mwalimu amesafiri na simu yake haipatikani.

Na kama mtashindwana kabisa na mkarudi kwenye mali kauli, basi walau iandikwe kwamba kilichofifia kwa jua la dirishani ni cha mwenye dirisha.