Mine ikifungwa, nani atasimulia?

"Papa, kule chini unafanyaka nini?" Swali hili liko mu nyumba zetu nyingi, Kolwezi, Likasi, Kipushi. Baba anarudi na matope kwa viatu, anakaa kwa meza, anajibu: "Kazi tu." Mutoto anarudia mchezo wake. Sisi wote tunafuata bei ya mukuba kwa radio, lakini watoto wetu hawajaona hata mara moja pahali mukuba ile inatokaka.

Huko Ubelgiji, kule mabwana wa Union Minière walitokea, mine ya makala ya Blegny, karibu na Liège, ilifungwa mwaka 1980. Mwaka uleule wageni wakaanza kuingia. Mutu analipa tiketi, anavaa kaske, anashuka na asanseri mpaka metre 30, kisha 60. Miaka mingi, aliyemuongoza mgeni kule chini alikuwa muchimbaji wa zamani, mutu aliyefanya kazi ile kwa mikono yake. Kule Marcinelle, moto wa tarehe 8 Agosti 1956 uliua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia waliofuata kazi. Mine ile haikubomolewa. Leo watu wanaenda kuitembelea na kuwakumbuka. Tangu 2012, Blegny na Marcinelle ziko mu urizi wa dunia wa UNESCO.

Na kwetu? Tukisema tourisme, tunafikiri tu Upemba, Kundelungu na maporomoko ya Lofoi. Ni mazuri, hatukatai. Lakini mgeni akifika Lubumbashi, anapiga foto ya cheminée na terril, kisha anapita. Nani anamuelezea kilichoko nyuma ya ile foto?

Wenye kujua wako. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango wa départ volontaire. Wengi wao ni wazee sasa. Kila tukizika mumoja, tunazika na habari yake.

Wengine watasema: "Watu wako na njaa, nyinyi munaleta matembezi!" Tunawasikia. Tiketi ya mgeni haiwezi kulisha muji sawa mine inavyolisha. Tena hatusemi wageni waingie mu mashimo ya creuseurs; kule udongo unaanguka na watu wanakufa. Tunasema pahali pamoja tu, shimo ama atelier ya zamani, pakaguliwe vizuri na wenye kujua, kisha pafunguliwe.

Siku wakubwa watakaa kupanga jambo hili, tunaomba mambo matatu. Wazee wa mine njo wapewe kwanza kazi ya kuongoza wageni, tena kwa mushahara, si kwa aksanti tu. Waliokufa kazini, majina yao yaandikwe kwa ukuta. Na siku moja kwa juma, jamaa ya muchimbaji iingie bila kulipa, juu tiketi yake ilikwisha kulipwa zamani.

Mukuba itaisha siku moja, sawa kazi ya makala ilivyoisha Blegny. Ule mutoto atauliza tena swali lake. Tutafute mutu wa kumujibu wakati wazee wangali wanaongea.