TAHARIRI: TUSIILAUMU MVUA PEKE YAKE



Vuli ikisuasua na mihogo isipochipua, lawama zote tunaitupia mvua. Mwingine atakwambia mbegu ya ushirika ni mbovu. Lakini tuulizane: miti ile ililala juani siku ngapi kabla ya kupandwa?

Tunasema mhogo unavumilia ukame. Ni kweli, ila uvumilivu huo unakuja baada ya kushika mizizi. Mhogo wenye mizizi ukiona kiu hutoa homoni iitwayo asidi ya absisiki, ambayo hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Pingili iliyokatwa haina pa kuchota. Inaishi kwa maji na chakula ilichotoka nacho kwa mama yake, basi.

Na mizizi haiji kwa bahati. Machipukizi yana homoni nyingine, oksini, inayoteremka hadi chini na kuamsha mizizi. Mtaalamu Frits Went wa Uholanzi aliieleza kazi ya homoni ya kukuza mimea mwaka 1928. Wenzetu wa Dodoma wanaitegemea hiyo hiyo, maana mzabibu nao hupandwa kwa vipande. Ipo dawa ya unga ya homoni ya kuchovya vipande, lakini hairudishi uhai kwenye mti uliokwisha kukauka.

Kwa hiyo, ndugu, tufanye hivi. Tuchague mihogo iliyokomaa isiyo na batobato wala michirizi ya kahawia, magonjwa ambayo watafiti wa Amani, hapa hapa mkoani kwetu, walipambana nayo tangu miaka ya 1930. Tukate pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho mazima. Kwanza tukwaruze ganda: utomvu usipotoka, mti huo ni kuni. Miti inayosubiri isimame wima kivulini, chini yake iguse udongo wenye unyevu. Wakati wa kupanda, macho yatazame juu.

Tunapendekeza pia kila mwenye shamba zuri aache mstari mmoja bila kukata, na miti ya kugawana ikatwe siku ardhi imelowa vizuri, si wiki mbili kabla. Mhogo ndio akiba yetu mahindi yanapokataa. Jirani akikosa mbegu, njaa yake itabisha hodi kwetu sote.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Na mti wa mhogo tuuwahi ungali na utomvu.

Kazi kwetu.