SSD haichoki, inauawa

Najua nimepotea. Mvua, kazi, na mteja mmoja wa Bungoma ambaye habari zake mtazisoma hapa chini, ndivyo vilivyonifunga mdomo. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Kitale, kwa fundi mmoja karibu na stendi ya matatu. Akaingia mzee na laptopu yake, analalamika inachukua dakika saba kuwaka. Fundi akamwambia: "Mzee, tutoe hii diski ya kuzunguka tuweke SSD." Mzee akakataa katakata. Amesikia kwa mtoto wake aliye chuo kuwa SSD ina siku zake, ukiandika sana inaisha kama betri ya tochi. Akaniuliza mimi, maana fundi alimwambia natengeneza programu: "Kijana, ni kweli?"

Ni kweli. Na jibu hilo la kweli ndilo linalotudanganya huku kwetu. Nifafanue.

Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka. Kuna chipu za flashi, aina ile aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980. Kila kijumba ndani ya chipu hutunza data kwa kufungia elektroni kidogo. Ukitaka kufuta, unazitoa kwa nguvu ya umeme, na kila mara unapofanya hivyo ukuta wa kijumba unachakaa. Chipu za zamani zilizotunza biti moja tu kwa kijumba zilivumilia kufutwa kama mara 100,000. Za biti tatu, ambazo zimejaa madukani, ni kati ya mara 1,000 na 3,000 hivi. Za biti nne hupungua zaidi. Mambo ya bei hayo: unabana biti nyingi kwenye chumba kimoja, gharama inashuka, uhai nao unashuka.

Ukiishia hapo utaogopa kama yule mzee. Lakini ndani ya diski kuna kidhibiti, yaani kompyuta ndogo yenye programu yake, inayogawa kazi ili vijumba vyote vichakae sawasawa. Ndiyo maana kiwanda hakikuambii "mara 1,000", kinakuambia jumla ya data unayoweza kuandika. Samsung 860 EVO ya GB 250, kwa mfano, imewekewa TB 150. Tuseme wewe unaandika GB 20 kila siku, na wengi wetu hatufiki hapo. TB 150 ukigawa kwa GB 20 ni siku 7,500. Miaka 20! Laptopu ya mzee itakuwa imekwisha bawaba, kioo na kibodi kabla ya hapo.

Na kiwango hicho ni cha tahadhari. Tovuti ya Tech Report ilichukua diski sita za GB 240 hadi 256, ikaziandikia mfululizo kuanzia 2013 hadi zote zilipokufa mwaka 2015. Zote sita zilipita TB 700, na mbili zilivuka TB 2,000. Kwa mwandishi wa GB 20 kwa siku, hiyo TB 700 peke yake ni zaidi ya miaka 90.

Basi nilimwambia mzee aweke. Akaweka, laptopu ikawaka kabla hajamaliza kuvaa miwani. Akacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya kujiamini, nilikuwa nimeyasema Bungoma mwaka uliotangulia.

Huko nina mteja, mama mwenye duka la pembejeo: mbolea, mbegu, dawa za mifugo. Wakulima huchukua mali kwa mkopo mwezi wa tatu na wa nne, hulipa wakivuna mahindi mwishoni mwa mwaka. Kwa miaka mingi deni lote lilikaa kwenye daftari nene la jalada jeusi. Nikamtengenezea programu, nikamwekea kompyuta yenye SSD mpya, na, hapa ndipo ninapojilaumu, nikamwambia: "Mama, sasa weka daftari kabatini. Hii haina kitu kinachozunguka, haiharibiki." Akaniamini, maana mimi ndiye mwenye elimu ya mambo hayo.

Diski ilidumu miezi 14. Ilikufa mwezi wa sita, mbolea yote ikiwa tayari mashambani na hakuna aliyelipa hata shilingi. Kulikuwa na radi alasiri ile, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena ndani ya dakika moja. Uliporudi mara ya tatu kompyuta ikasema haioni diski. Wakulima 212 walikuwa mle ndani.

Sikiliza sasa. Mwezi wa nne nilikuwa nimesoma takwimu za diski ile, zile inazojiandikia yenyewe. Ilikuwa imeandikiwa TB 3.1 tu. Kiwango cha kiwanda kilikuwa TB 70, na yenyewe ilijitangaza ina uhai wa asilimia 96. Kwa mwendo ule wa karibu GB 8 kwa siku ingefika miaka 24. Haikufa kwa uchovu hata kidogo. Iliuawa ikiwa kijana.

Kwa nini? Kidhibiti hutunza ramani: data hii iko kwenye chipu ipi, ukurasa upi. Ramani inabadilika kila wakati, na sehemu yake huwa bado haijaandikwa chini wakati umeme unapokatika. Diski za seva za bei kubwa zina kapasita ndani, ambazo hubaki na umeme wa kutosha kumaliza kuandika kabla ya kuzima. Hizi zetu za bei nafuu hazina. Ramani ikivurugika, data yako inaweza kuwa bado ipo yote kwenye chipu, lakini hakuna ajuaye iko wapi. Ni kama maktaba ambayo vitabu vyote vipo ila mtu amechanganya rafu na kuchoma orodha.

Haya si mawazo yangu tu. Mwaka 2013 watafiti huko Marekani walizijaribu SSD 15 kwa kuzikatia umeme ghafla zikiwa kazini. Kumi na tatu kati ya hizo zilionyesha hitilafu za namna moja au nyingine: data kuharibika, maandishi nusunusu, nyingine kufa kabisa. Kumi na tatu kwa kumi na tano! Halafu sisi tunabishana kuhusu idadi ya kuandika.

Mwaka 2016 ukatoka uchunguzi wa diski za flashi kwenye seva za Google, uliofanywa na Bianca Schroeder na wenzake. Waligundua kuwa umri wa diski una uhusiano na makosa hata ukiweka pembeni kiasi kilichoandikwa. Tena SSD zilihitaji kubadilishwa mara chache kuliko diski za kuzunguka, lakini zilikuwa na makosa mengi zaidi ya data kutosomeka. Yaani kifaa kinaendelea kupumua huku faili moja moja zinapotea.

Na seva hizo zinakaa kwenye jengo lenye umeme tulivu. Sisi je? Mwaka 2023 pekee nchi nzima ilizama gizani usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti, kisha tarehe 11 Novemba, kisha tarehe 10 Desemba. Hayo ni yale yaliyotangazwa kwenye habari. Ya mtaani, ya tawi la mti kuangukia waya kule Chwele, nani anayahesabu? Ukanda wetu huu wa magharibi una radi za alasiri miezi mingi ya mwaka. Diski inayopimwa kwa TB za kuandika ingepaswa huku ipimwe kwa idadi ya kukatiwa umeme.

Ninaye mteja mwingine Kitale, duka la aina ile ile, programu ile ile. Diski yake iko hai tangu 2018. Tofauti ni moja: mwenye duka ni mtu mwoga, alinunua UPS siku ya kwanza, ikamgharimu karibu mara mbili ya bei ya diski. Nilimcheka wakati ule. (Naam, nilimcheka. Ameshanikumbusha mara mbili.) Najua maduka mawili si utafiti, lakini nikiunganisha na wale kumi na tatu naona picha.

Programu ya ndani ya diski nayo huua. Mwaka 2019 HPE ilitangaza kuwa baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Mwandika programu yeyote akiiona namba hiyo anashika kichwa, maana ni 2 kwa kipeo cha 15, mahali ambapo hesabu ya biti 16 yenye alama hufurika. Kosa letu la mwaka wa kwanza chuoni, ndani ya diski ya seva! Ukinunua diski nne siku moja na kuziwasha pamoja, zinakufa pamoja.

Za bandia sitazungumzia sana. Zipo zilizoandikwa TB 2 ndani yake kuna GB 64, zinazojiandika upya juu ya data yako bila kusema. Ukinunua barabarani, ijaze yote kwa programu kama H2testw au f3 kabla ya kuiamini. Na aliye na SSD kama ghala la picha za harusi ndani ya sanduku asijisahau pia: kipimo cha JEDEC kwa diski ya kawaida iliyotumika hadi mwisho wa kiwango chake ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Mpya hudumu zaidi sana, na baridi ya Kitale inasaidia kuliko joto la Lodwar, lakini elektroni huvuja.

Turudi Bungoma. Mtauliza, je, nakala haikuwepo? Ilikuwepo. Programu yangu ilitengeneza nakala kila jioni saa kumi na mbili, kwa uaminifu kabisa, ndani ya folda iitwayo NAKALA, kwenye diski ile ile. Niliiandika mimi. Diski ya kuzunguka ingenipa onyo, ingekwaruza na kugonga wiki nzima nikapata muda wa kuona upumbavu wangu. SSD haikugonga mlango.

Fundi wa kurudisha data huko Nairobi aliitazama siku tatu, akairudisha. Mama hakunigombeza. Alitoa daftari jeusi kabatini, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuwapigia simu wakulima mmoja mmoja kuuliza kila mtu anakumbuka alichukua nini. Wengi walisema kweli, wengine hata walileta risiti zao. Hadi mavuno yanaisha, majina 31 yalikuwa bado hayajapatikana, na wawili waliapa hawajawahi kufika dukani. Mbegu zao nilizibeba mimi mwenyewe hadi kwenye bodaboda.

Sasa programu inaandika nakala kwenye flashi mbili zinazopokezana, moja inalala nyumbani kwa mama, na nyingine inatumwa kwa intaneti kila bando likiruhusu. UPS nimeilipia nusu. Daftari nalo linaendelea, hilo mama hakutaka tulijadili.

Kesho asubuhi napanda matatu ya kwenda Bungoma na diski tupu mfukoni. Nitachomoa iliyopo, nichomeke hii, nijaribu kurudisha duka zima kutoka kwenye flashi huku mama akiangalia. Ameniambia nifike kabla ya saa nne, kabla wateja hawajajaa.