KAHAWA YA KIPAKITI NA KAHAWA YA SUFURIA: TUPIGE HESABU

Siku hizi kahawa ya kipakiti imeingia nyumba nyingi. Unakata, unamimina maji ya moto, unakoroga, basi. Sisemi ni kitu kibaya. Anayekwenda duarani alfajiri hana nafasi ya kukaanga wala kutwanga. Tena Africafe inatengenezwa Bukoba, kiwanda cha TANICA, si ng'ambo.

Lakini wepesi huo unalipiwa. Kahawa ile imekwisha kaangwa, kusagwa, kuchemshwa na kukaushwa kiwandani, halafu ikafungwa kidogo kidogo. Kila kazi hiyo iko ndani ya bei.

Hebu tupige hesabu, ni ile ile ya darasa la kisomo. Nyumba ya watu 6, kila mtu kikombe kimoja asubuhi: vipakiti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi, 2,190 kwa mwaka. Nyumba 100 ni vipakiti 219,000. Vinakwenda wapi? Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vipakiti hivi bado vinazagaa mitaroni na malishoni. Ng'ombe akimeza plastiki, haiyeyuki tumboni.

Sasa tazama sufuria. Maji lita 1, kahawa iliyotwangwa vijiko vya chakula 6. Ikishachemka, ipua, iache dakika 5 itulie, chuja, tia kwenye chupa ya chai. Watu 6 wamekunywa, na machicha yanakwenda kwenye migomba. Hakuna cha kutupa.

Wengine watasema sufuria inakula mkaa. Je, maji ya kipakiti yanachemshwa na jua? Kinachomaliza mkaa ni kuwasha jiko mara nne kwa siku, kila anayerudi achemshiwe ya kwake. Chemsha mara moja, weka kwenye chupa. Miti yetu inakatwa vya kutosha kwa matimba ya maduara. Tusiimalize kwa vikombe vya kahawa.

Liko jambo ambalo sisi wanaume hatulisemi. Kukaanga na kutwanga tumewaachia akina mama. Kama unafuu wa kahawa unatoka kwenye mgongo wa mama peke yake, huo ni unyonyaji ndani ya nyumba, na mama ana haki ya kuchagua kipakiti. Basi mwanaume naye ashike mchi! Kahawa ya juma zima ikaangwe na kutwangwa siku moja, iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko isipoteze harufu.

Maoni yangu ni haya. Duka la ushirika lilete buni zilizokobolewa kwa gunia, ziuzwe kwa kipimo. Kipakiti kiwe cha safari na cha duarani, na aliyekitumia arudi nacho akitupe shimo la taka. Tulizungumze mkutano ujao. Mwenye hesabu tofauti aje nayo.

Katibu wa Chama, Tawi
Nyarugusu